Popo wa Bendera ya Kijamba

Usiku ule Masika hakulala wala hakujilaza. Aliketi ukumbini kwake, mtaani Jadida, kwenye kiti cha cherehani, cherehani amekipa mgongo na macho ameyakaza mlangoni. Mwanawe Haidar alichukuliwa baada ya sala ya alasiri. Askari wawili waliokuja walikuwa na adabu: walibisha hodi, wakatoa salamu, wakasema wanamtaka kijana kwa mazungumzo kidogo. Magharibi ikaingia, isha ikasaliwa, na mazungumzo kidogo hayakwisha.

Masika alikuwa na mazoea yake ya kutazama viatu vya mlangoni kabla ya kutia komeo, ajue nani yumo na nani hayumo. Usiku ule kandambili zake mwenyewe hazikuwapo. Haidar, kwa pupa ya kufuatana na askari, alikuwa amezivaa yeye. Moja ya kijani na moja ya buluu, kwa kuwa ya pili ya kila jozi ilikwisha kukatika. Viatu vya Haidar, vile vizuri vya kamba, vilibaki pale pale vikitazama barabara.

Nusaiba, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na birika la chai ya mchaichai akakaa naye. Hakusema maneno ya kuliwaza, na Masika alimshukuru moyoni kwa hilo. Simu ya Nusaiba ilikuwa mapajani kwake, kioo juu. Tangu binti yake Raniya alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kisha akanyamaza, simu ile haikuondoka pale hata akila.

"Baba yake umempigia?" Nusaiba aliuliza.

"Nimempigia. Yuko Ole kwenye karafuu. Ati, mwache alale huko apate akili."

"Kificho kasema hivyo?"

"Kasema, na sauti yamtetemeka."

Nusaiba akatikisa kichwa, akamimina chai nyingine. Kila pikipiki ilipopita wote wawili waligeukia mlango, na ilipokwisha kupita hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Shida yenyewe ilikuwa bendera, na bendera ile ameishona Masika.

Alizaliwa Kisiwa Panza, akasoma mpaka alipoolewa, na cherehani alijifunza kwa mama mkwe, mwanamke aliyekuwa hasemi ila mshono unapokwenda kombo. Wengi Jadida walimjua kwa kupinda kanga na kushona sare za skuli. Hakutupa hata kipande. Chini ya kitanda alikuwa na gunia la mabaki: vichwa vya mapazia ya maharusi, mikono ya mabaibui, na bafta, ile nguo nyeupe nyepesi inayonunuliwa kwa sanda na kila mara hubaki dhiraa mbili tatu ambazo watu wa maiti hawazitaki tena nyumbani kwao. Yeye alizipokea. Nguo ni nguo, alisema.

Haidar alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ana cheti cha utalii na watalii hana. Alishinda na wenzake barazani, wakikopeshana kahawa na maneno. Mwaka ule umeme ulikatika siku nyingi mfululizo, na katika kukaa gizani ndipo walipoanza. Kule kaskazini ya mji, mbele ya mikoko, kuna jabali la matumbawe lenye kichaka juu yake, na watu huliita Kijamba. Maji yakikupwa sana unalifikia kwa miguu. Wakaenda wakapiga picha za simu, Haidar akasimama juu ya jabali na kutangaza kwamba kuanzia saa ile Kijamba ni dola huru.

Rais wa dola alikuwa yule aliyelipa kahawa mara ya mwisho, kwa hiyo walibadilisha marais kila jioni bila ya ugomvi. Rafiki yake Moosa alikuwa Waziri wa Umeme, kwa sababu ndiye mwenye pawabenki. Wimbo wa taifa ulikuwa kupiga miayo kwa pamoja. Kaulimbiu: Tupumzike Kwanza. Watu walicheka, video ikaenda kutoka simu hadi simu mpaka Unguja, na hapo wale vijana wakaona kuwa dola haiwi dola bila ya bendera.

"Ya timu ya mpira," Haidar alimwambia mama yake.

"Timu gani?"

"Mpya."

Masika hakuamini, lakini alitoa gunia. Mwanawe alikuwa hajamtaka kitu kwa muda mrefu, na alikuwa ameketi sakafuni karibu naye kama zamani, akimshikia nguo ili isivute. Akaunganisha mapande matatu: jeusi la baibui, jeupe la bafta, jekundu la pazia. Juu yake Haidar alitaka popo, yule mkubwa wa Pemba mwenye uso kama wa mbwa. Masika alimkata kwa khaki iliyobaki ya kaptura za skuli, akampinda mabawa pembeni kwa mshono wake mdogo wa mkono. Na chini ya popo, kikonyo cha karafuu tatu.

"Mbona kichwa chini?"

"Popo ndivyo alalavyo, mama."

"Watu watasema nimemshona mapinduko."

"Ndo vizuri. Watuulize."

Watu wakauliza kweli, naye akawajibu kwa video, na Masika aliiona kwa kuonyeshwa na mteja. Nyeusi, alisema Haidar kwa sauti ya msoma habari, ni giza letu tulilolizoea. Nyeupe ni wali bila ya mchuzi. Nyekundu ni udongo wa njia zetu, unaoingia mpaka kwenye shahada za watu. Popo ni raia: mchana amening'inia, usiku yuko macho na simu. Karafuu moja ya mchumaji, mbili za wengine.

Mteja alicheka mpaka akakaa. Masika hakucheka. Watu wa umri wake wamekwisha kuona bendera zikipandishwa na kushushwa, na katika kupanda na kushuka huko daima kuna mtu anaumia. Alimwambia Haidar aishushe kule Kijamba walikoipandisha. Haidar akasema, "Kesho, inshallah." Siku zikapita.

Moosa alikuja alfajiri, baada ya sala, akapita mlango wa uani kama mwizi.

"Shikamoo Bi Masika. Shikamoo Bi Nusaiba."

"Marahaba. Nambie."

"Haidar hajambo. Nimempenyezea mkate, kapokea." Alikaa, akainuka, akakaa tena. "Mie hawana habari na mie. Sura iliyoonekana ni yake. Mie ndo nilokuwa nashika simu."

"Wanataka nini kwake?"

"Wamemuuliza nani kashona. Kasema kaiokota pwani, imeletwa na maji."

Masika akatazama chini. Alijua mara moja kwa nini mwanawe kasema uongo wa kitoto namna ile.

"Na jambo lenyewe wala si kubwa," Moosa akaendelea. "Mkuu wa kituo alikuwa anataka ishushwe tu, ripoti ifungwe. Kapeleka askari jana mchana. Wamerudi mikono mitupu."

"Kwa nini?"

"Wamekuta mayai."

"Mayai?"

"Mayai, na chupa za marashi, na chetezo cha udi kina moto. Kina mama waendao kuokota chaza wameona jeusi, jeupe na jekundu juu ya jabali, wakasema mzimu wa Kijamba umepandishiwa nguo mpya. Si ndizo rangi zake? Wanakwenda kuweka nadhiri, Bi Masika! Koplo Hija katazama mara moja kasema yeye ana watoto wadogo, hagusi. Mwenye ngalawa naye kasema hivyo hivyo."

Nusaiba aliinuka, akakusanya vikombe vilivyokuwa bado na chai, akaenda kuviosha.

Masika alibaki na mikono kifuani. Rangi zile alizitoa gunia moja, kwa kuwa ndizo zilizokuwamo. Aliyekulia Kisiwa Panza na akapita kwenye pango la mzimu mara mia, hakufikiri hata kidogo. Nguo ni nguo.

"Sasa Mkuu kaghadhibika," Moosa alisema. "Ataandikaje kwamba bendera ya dola inapepea na askari wake wanaogopa yai? Kasema isipokuwa mezani kwake leo kabla ya alasiri, Haidar anapelekwa Chake na jalada lake. Na likishafika Chake, Bi Masika, halitakuwa tena jambo la kuchekwa."

Kituoni Masika walimkalisha kwenye benchi lililotazama mlango wa rangi ya kijani. Alielewa bila ya kuambiwa kuwa Haidar yuko nyuma ya mlango huo, kwani kila askari aliyepita alilitazama benchi kisha akautazama mlango. Masika alikuwa amevaa baibui lake la sikukuu. Mkobani alikuwa na mkasi na wembe, vitu ambavyo fundi hatoki navyo nyumbani ila ana kazi.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa Unguja, mrefu, mwenye uchovu wa mtu aliyehamishiwa mahali asipopaomba. Alimsikiliza maneno mawili tu.

"Nimeishona mimi."

"Bi mkubwa, unajua unalolisema?"

"Najua, Bwana. Mwanangu kasema kaiokota ili mie nisitajwe. Hana tabia ya uongo. Uongo wake hauna hata kichwa, umeusikia mwenyewe."

Mkuu alijikuna shingo. "Na huyu mnyama kichwa chini? Mimi nimeambiwa hii ni ishara. Nchi imepinduliwa."

"Ni popo, Bwana. Amelala."

"Amelala."

"Hawana kazi, Bwana. Wote wamelala. Hiyo ndiyo ishara yake yote."

Koplo Hija, Mpemba mnene aliyesimama pembeni, alikohoa ili asicheke. Mkuu akamtazama na kikohozi kikapona.

"Niruhusu nikaishushe mwenyewe," Masika alisema. "Niliyeitia uzi ni mie. Kama kuna wa kudhurika, basi ni mie."

Mkuu hakupenda kuonekana amefikiri kitu kama hicho, lakini alikuwa amekifikiri. Alimtazama yule mwanamke, akaitazama saa ya ukutani.

"Kabla ya alasiri. Hija, fuatana naye."

"Mpaka wapi, Afande?"

"Mpaka utakapofika ushujaa wako."

Ushujaa wa Hija ulifika kwenye mikoko. Hapo alivua kofia, akapata shina la kukalia.

"Bi Masika, mie nakulinda kutoka hapa."

"Hivi weye unaogopa nini hasa? Nguo ya pazia?"

"Siogopi. Bibi yangu alikuwa na heshima na mahali hapa, na mie nina heshima na bibi yangu." Kisha akashusha sauti. "Ukipanda sema hodi. Haidhuru kitu, sema tu."

Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Masika alipandisha baibui na kwenda peku, kandambili zake zikiwa miguuni mwa mtu mwingine. Matumbawe yalimchoma, akaenda polepole, akisoma moyoni zile aya alizozijua. Hakutaka kuamini kwamba amesema hodi alipofika, lakini alisema.

Bendera ilikuwa imefungwa juu ya mti wa mkoko uliopigiliwa kwenye ufa wa jabali kama mlingoti. Upepo haukuwa mkali. Popo alikuwa ananing'inia katikati ya bafta kama alivyotaka Haidar, na Masika, ambaye hajapata kuiona kazi yake hewani, aliona kwamba bawa la kushoto limekaa vizuri na la kulia limevuta kidogo. Chini ya mti kulikuwa na mayai, mengine yamepasuka kwa jua, halwa iliyofunikwa kwa kawa, na vichupa vya marashi vilivyosimamishwa kwa mstari kama katika duka.

Alishika kamba. Hapo ndipo alipoona vile vitambaa.

Vilikuwa vimefungwa kwenye mti wenyewe, mafundo mafundo, vipande vya kanga na vya mitandio. Kila fundo ni haja ya mtu. Kimoja kilikuwa cha kanga ya zambarau yenye pambo la korosho, na ukingo wake umepindwa kwa mkono, uzi mweupe badala ya zambarau. Masika hakuhitaji kukishika. Uzi wa zambarau ulikuwa umemwishia siku ile, akamwomba radhi Nusaiba, na Nusaiba akasema haidhuru, Raniya hatojali, yeye anataka kanga tu ya kuondokea.

Kilichanwa kutoka nusu ya pili ya kanga ile. Nusu ya kwanza iko Uarabuni.

Masika aliketi juu ya jabali. Alimkumbuka Nusaiba alivyoinuka ghafla na kuviosha vikombe vyenye chai. Usiku kucha alikaa naye, simu mapajani, na hakusema kwamba naye ana kitu chake Kijamba, na kwamba bendera ikishuka kitashuka nacho. Pengine aliona haya. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea wanawake wenziwe wanaohangaika na mizimu, akiwaambia wamwombe Mungu. Na pengine alikuwa amekwisha kumwomba, kila sala, na simu ikawa kimya vile vile.

Kwa mbali Hija alipiga mluzi. Maji yalikuwa yanaanza kurudi kwenye mifereji ya matumbawe.

Kung'oa mti na kuondoka nao kungekuwa kazi ya mara moja. Mkuu alitaka bendera mezani, na mwanawe alikuwa nyuma ya mlango wa kijani. Masika alizungukwa na woga wa kila namna: woga wa askari, woga wa mzimu, woga wa kuogopa mzimu, ambao kwa Mwislamu nao ni dhambi. Mwishowe alishika kile alichokijua. Aliishusha bendera kwa kamba, akaiweka magotini, akatoa wembe.

Kufumua ni kazi ya subira kuliko kushona. Unakata uzi mmoja, unaruka, unakata mwingine, kisha unavuta upande wa pili na mshono unatoka wenyewe. Alimfumua popo kwanza bawa lililovuta, kisha lile jingine, kisha masikio. Akafumua karafuu moja moja. Bafta ikabaki na vitobo vidogo vya sindano, kama ngozi iliyopoa tetekuwanga. Popo alimkunja mkobani. Mapande matatu, jeusi, jeupe na jekundu, aliyapandisha tena juu ya mti, na fundo la kanga ya zambarau, lililokuwa limelegea, akalikaza.

Maji yalimfika magotini wakati wa kurudi. Hija alimpa mkono, akamtazama mkobani, kisha akatazama Kijamba ambako rangi zilikuwa bado zinapepea.

"Bi Masika."

"Naam."

"Mbona naiona?"

"Waona nini?"

Hija alikaza macho kwa muda mrefu. "Naona nguo za mzimu," alisema hatimaye, akavaa kofia yake.

Mkuu wa kituo alimtandaza popo juu ya meza, akamweka kichwa juu. Akawa kama kunguru aliyepigwa na gari. Akamgeuza kichwa chini na akawa popo. Karafuu akazisukuma kwa kalamu.

"Na nguo yenyewe iko wapi?"

Masika alikuwa amesimama, nguo zimemrowa mpaka kiunoni. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa marefu na mazuri, na yalimpotea yote.

"Bwana, bendera ya vijana ni hiyo. Popo na karafuu. Nimeifumua, haiko tena, na haitoshonwa nyengine, naapa. Kilichobaki kule ni vitambaa vya gunia langu, na watu wamekwisha kufunga haja zao. Kuna mama pale mwanawe hajampigia simu. Mie siwezi kuzing'oa nikarudi nikalala. Ukizitaka… ukizitaka mtume mtu."

Mkuu alinyanyua macho kwa Koplo Hija. Hija alikuwa anatazama panka la darini, ambalo halikuwa linazunguka.

"Hija. Ulipoondoka pale uliona bendera ya dola yoyote?"

"Hapana, Afande. Nimeona mzimu."

"Wa kawaida?"

"Wa kawaida kabisa."

Muadhini alianza kuadhini msikiti wa karibu. Mkuu alisubiri, kama anavyosubiri mtu mwenye adabu, mpaka adhana ikamalizika. Muda wote huo Masika aliutazama mlango wa kijani. Rangi yake ilikuwa imebanduka karibu na kitasa, ambapo mikono mingi imepita. Aliwaza kwamba popo amebaki mezani, na kwamba angependa kurudishiwa khaki yake, na akashangaa kuwa anawaza jambo kama hilo.

Mkuu alimkunja popo mara mbili, akamtia mtotoni mwa meza. Akamwambia Hija neno ambalo Masika hakulisikia. Hija alitoa funguo, akajaribu mmoja, haukuingia, akajaribu mwingine.

Mlango ulifunguka kidogo, ukakwama sakafuni, ukasukumwa kwa ndani. Kitu cha kwanza alichokiona Masika kilikuwa chini: kandambili ya kijani, kisha ya buluu.